Marekebisho ya Marehemu Hartmut

Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, Ulrike Behnke alifungua kompyuta yake nyumbani Göttingen kuandaa toleo jipya, akaona jina la mtu aliyeleta kazi usiku uliopita, na kahawa ikamshinda kunywa. Jina lilikuwa Hartmut Lüders. Sahihi ya siri ilikuwa yake pia, ile isiyoweza kutiwa bila ufunguo uliomo ndani ya mashine yake. Na Hartmut alizikwa Celle mwezi Februari. Ulrike alikuwepo, alitia udongo kwa mkono wake, akalia mbele za watu bila kujali nani anamtazama.

Sasa ilikuwa Mei.

Kitu walichokuwa wakikitengeneza pamoja kiliitwa Zeisig, kompaila ya BASIC. Mtu anaandika programu kwa lugha ile ya kompyuta za zamani, Zeisig inaigeuza iwe kitu ambacho mashine za leo zinakielewa. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na hakuna anayelipwa. Watumiaji waliobaki si wengi, ila hawana pengine pa kwenda: mwoka mikate wa Hameln na mizani yake, wakulima wenye pampu za kumwagilia nyanya, walimu wastaafu. Kama mwizi ameushika ufunguo wa Hartmut, anaweza kupenyeza uchafu wowote kwenye mashine za watu hao. Kanuni ya mradi haikuwa na kona: ufunguo ufutwe, na kila kilichoingia kwa jina hilo tangu mazishi kitupwe kabla ya toleo kutoka Jumatatu.

Ulrike akarudi nyuma kutazama, akakuta marekebisho mengine matatu ya marehemu yameshaingia kimyakimya. Moja la kupanga majina, moja la kusoma mafaili, moja la tarehe. Yote yalisomwa na kupitishwa na Detlef Kranz, mzee wa Hildesheim, kwa sababu Zeisig hairuhusu mtu kupitisha kazi yake mwenyewe. La nne ndilo lililomfikia yeye, kwa kuwa kipengele kipya huhitaji msomaji wa pili. Lilikuwa PLAY, amri ya kupiga muziki, iliyokuwa bubu tangu Zeisig ihamie kwenye mashine mpya. Hartmut aliiombea amri hiyo mwaka jana mpaka akachekwa. Detlef ndiye aliyeikataa, mbele ya wote, akisema Zeisig si kinanda cha kanisani na mwenye haraka angoje mwakani.

Mtu wa kwanza kumjia akilini alikuwa Ferenc wa Szeged, mgeni katika mradi, ambaye tangu Machi alikuwa akiuliza nani atachukua nafasi ya Hartmut. Ulrike akampigia simu, akamuuliza bila kuzunguka.

Ferenc akajibu bila kukasirika. "Dada Ulrike, nikitaka kiti cha marehemu nitakiomba. Siwezi kuvaa jina lake."

"Basi nani?"

"Sijui. Mimi nilidhani huyo mzee wenu amelainika tu. Yangu alinirudishia mara nne, mpaka nikataka kuacha. Hayo ya Hartmut aliyapitisha bila hata neno."

Ulrike alimwomba radhi. Aliona aibu, na aibu hiyo haikumsaidia kupata jibu.

Jumapili alasiri alikuwa Celle, kwa Rosemarie, mjane wa Hartmut. Rosemarie alimkatia keki ya rubabu, ule mmea mchachu wa bustanini, akamuuliza kama anakula vizuri huko kwake. Chumba cha kazi cha Hartmut kilikuwa vilevile, koti lake bado liko nyuma ya kiti. Juu ya meza palikuwa na mraba msafi katikati ya vumbi, mahali kompyuta ilipokuwa. Neno la siri Hartmut alilibandika chini ya mashine hiyohiyo, na walimgombeza kwa hilo miaka yote. Aliyeibeba kompyuta aliubeba na ufunguo.

"Mama Rosemarie, iko wapi mashine?"

"Imeazimwa. Itarudi."

"Nani kaiazima?"

"Mtu aliyeniomba akiwa analia," Rosemarie alisema. "Nikampa. Usiniulize zaidi, mwanangu, nimeahidi."

Kwenye treni ya kurudi Ulrike alisoma yale marekebisho mstari kwa mstari. Mkono ulikuwa wa Hartmut, hakuna ubishi: herufi kubwa kila mahali, na utani wake wa baridi kwenye maelezo. Lakini kuna kitu kilikosekana. Hartmut alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika. Kila orodha aliyoiandikia hesabu ilipoteza kitu cha mwisho, kwa sababu aliacha kuhesabu hatua moja kabla ya mwisho. Miaka ishirini alifanya kosa hilo, na miaka ishirini Detlef alilikamata, akamrudishia kazi na kejeli juu yake. Humu majina yalifika mpaka la mwisho. Mafaili yalisomwa mpaka mstari wa mwisho. Kazi ilikuwa imeshasahihishwa kabla haijaletwa, na mtu pekee aliyejua pa kusahihisha ndiye aliyeipitisha bila neno.

Akashuka Hanover, akapanda treni ya Hildesheim.

Detlef alifungua mlango akiwa na soksi tu. Alimtazama Ulrike, akatazama begi lake, akarudi ndani bila kumkaribisha. Kompyuta ya Hartmut ilikuwa juu ya meza ya chakula, imewekewa kitambaa chini ili isikwaruzwe.

"Ulikosea mahali pamoja tu, mzee," Ulrike alisema. "Hukumgombeza. Hujawahi kumpitishia kitu bila kumgombeza."

Detlef akakaa. "Ningemgombeza nani?"

Kisha akaeleza, akikitazama kitambaa. Novemba Hartmut alimpigia simu kuuliza kama kweli PLAY haiwezekani hata Krismasi. Yeye akamwambia aache utoto. Hakuambiwa kwamba mwenzake anaumwa. Aliambiwa makaburini, na Rosemarie, kwa upole, na upole huo ndio uliomvunja.

"Humu kwenye mashine alikuwa ameshaandika karibu vyote alivyovitaka, vya nusunusu. Nikafanya kazi yangu ya siku zote, nikasahihisha. Muziki niliuacha wa mwisho makusudi. Ukiisha huo, sina tena cha kusahihisha cha Hartmut."

"Ungeweka jina lako."

"Kazi si yangu. Yangu ni kumkatalia tu."

Ulrike alikuwa amekuja na hasira, akaitafuta asiione. Alimwambia kwamba ufunguo lazima ufutwe, leo, na Detlef mwenyewe aufute. Yale marekebisho hayatatupwa. Detlef atayaleta upya kwa sahihi yake, aandike wazi kwamba ni kazi ya Hartmut, na kwamba yeye ndiye aliyeyakamilisha. Naye aache kupitisha kazi za watu mpaka mkutano uamue. Detlef alikubali yote. Alipobonyeza kuufuta ufunguo alilia kwa sauti, mzee wa miaka sabini, na Ulrike akamshika bega mpaka akanyamaza.

Jumatatu toleo lilitoka. Jumanne wakairudisha mashine Celle, wakaiweka palepale kwenye mraba wake. Rosemarie akataja programu moja ya mwaka themanini na saba, ambayo Hartmut alimwandikia kabla hawajaoana. Ilikuwa haijatoa sauti kwa miaka mingi. Detlef akaipitisha kwenye Zeisig, akaiendesha.

Wimbo ukatoka, mwembamba, wa kimashinemashine, na mzuri. Ukapanda, ukashuka, ukakatika ghafla pale masikio yalipongoja noti moja zaidi.

Detlef alikuwa ameshainama juu ya kibodi. "Ameisahau ya mwisho, kama kawaida yake. Ni mstari mmoja tu, Rosemarie, nakurekebishia sasa hivi."

Rosemarie akaweka mkono juu ya mkono wake. "Iache. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Ya mwisho nilikuwa naimba mimi."

Akaomba ipigwe tena. Wimbo ulipofika pale na kukatika, alifumbua kinywa, na sauti haikutoka. Detlef akaipiga mara ya tatu, na safari hii Rosemarie akaimba.