Bibi na Aibu ya Choo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kibiriti alinawa mikono kwa sabuni, akamtia bibi yake tone la dawa kwenye jicho la kulia. Jicho hilo lilikuwa limepasuliwa juzijuzi kwa ajili ya presha ya macho. La kushoto lilikwisha kuzimika zamani.

"Taratibu, mke mwenzangu," bibi alimtania. "Ukinitoboa, nani atakuchagulia mchumba?"

Siku moja bibi aliingia chooni akakawia mno. Kibiriti alimsikia akiguna, kisha kimya, kama mtu aliyepiga mbizi, kisha pumzi ikamtoka kwa kishindo. Alitoka akitiririkwa na jasho, ameegemea ukuta. Kibiriti alipomshika mkono, alihisi mapigo ya moyo yakienda mbio.

"Bibi, unaumwa?"

"Choo kigumu tu, tangu nitoke hospitali. Wamenikataza kuinua ndoo, wamenikataza kuinama. Na hili nalo nikawaambie? Usimwambie mtu. Nina aibu zangu."

Darasani Kibiriti hakusikia somo hata moja. Akisema, bibi atamwita mmbea. Akinyamaza, je, na jicho lile moja likizimika?

Jioni alimsindikiza bibi kliniki kukaguliwa jicho. Muuguzi wa macho aliuliza, "Kuna tatizo lolote, mama?"

"Hakuna, mwanangu."

"Lipo," Kibiriti akasema kwa sauti ndogo. "Anajikamua chooni. Anabana pumzi."

Bibi akainamisha uso. Muuguzi hakucheka. Alilichunguza jicho, akapima presha yake, muda wote Kibiriti akiuma kucha.

"Kidonda ni salama," alisema hatimaye. "Lakini mama, ukibana pumzi na kujikamua, presha hupanda kifuani mpaka machoni. Moyo nao huvurugika mapigo, hata mtu akaona kizunguzungu. Jicho bichi hivi lingeweza kuharibika."

Daktari akamwandikia dawa ya kulainisha choo. Muuguzi akamhimiza anywe maji, ale mboga na matunda, na asibane pumzi tena.

Njiani Kibiriti hakuthubutu kumtazama bibi.

"Umenikasirikia, bibi?"

"Nimejikasirikia mwenyewe. Mficha uchi hazai, nami kwa aibu ya choo nilikuwa tayari kulipoteza jicho." Akamshika bega. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mtu akikuomba umfichie jambo linalomdhuru, usimfichie. Hata akiwa mimi."