Wageni wa Namba Kumi na Mbili

Kila Jumamosi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati, Kudra alifagia ua wa namba kumi na mbili, avenue ya saba, mtaa wa Buyenzi. Ua ulikuwa mmoja, familia zilikuwa tatu. Nyumba kubwa ilikuwa ya shangazi yake, Houda. Chumba cha nyuma walikaa kina Prodige, waliovuka mpaka kutoka Uvira wakikimbia vita vya kwao. Sebuleni, nyuma ya pazia la maua, walilala Kudra na mama yake Mwanne, tangu mapigano yalipofika kwao, mtaa wa Kinama. Aliyemtafuta yeyote kati yao alielekezwa namba hiyo hiyo, kisha akaita jina langoni.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Houda hakuwa na shamba, ila alikuwa na kompyuta, kwa hiyo siku ya tatu alimpa Kudra kibodi. Tangu hapo msichana huyo wa darasa la sita hakubanduka mezani. Alimpenda shangazi yake kwa kumpa mkeka na chakula, na alimpenda zaidi kwa kumfundisha.

Houda alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta, lakini duka la intaneti alilofanyia kazi kule mtaa wa Asiatique lilikuwa limefungwa. Sasa zahanati moja ya Kinama ilikuwa ikifunguliwa upya baada ya kuharibiwa vitani, na muuguzi wake mkuu, Mama Scholastique, alitafuta fundi. Alitaka habari za wagonjwa zikae mahali pake, zisionwe na kila anayeingia ofisini. Jumamosi hii alasiri angekuja kuona mfano wa mtandao huo. Mfano ukimridhisha, Houda angepata kazi. Usipomridhisha, hakuna aliyejua sufuria ya namba kumi na mbili ingejazwa na nini.

Ndani ya kompyuta yake moja Houda alikuwa ametengeneza nyingine kadhaa. Hazikuwa na chuma wala waya. Zilikuwa programu tu, lakini kila moja ilijiona kompyuta kamili. Mafundi huziita kompyuta pepe, na kwa kuzitumia mtu huweza kuujaribu mtandao mzima nyumbani kabla ya kununua chochote.

"Réseau ni kama quartier," Houda alimweleza, akiufananisha mtandao na mtaa. "Ona, iyi ni avenue ya saba, wagonjwa wako apa. Iyi ni avenue ya nane, bureau, ofisi, iko apa. Mutu wa nane hapite kwenda saba kama mulinzi wa njia panda hajamuruhusu."

"Na mulinzi naye ni ordinateur?" Kudra aliuliza, akiigusa kompyuta.

"Naye ni ordinateur. Sasa mi naenda kwa jirani kuazima écran, kioo kikubwa. We uweke ordinateur ya wauguzi ku avenue ya saba."

Kudra akabaki peke yake, kifua mbele. Kila kompyuta ilihitaji anwani, avenue kwanza, kisha namba ya nyumba. Kwenye avenue ya saba ilikuwepo nyumba moja tu, kompyuta ya habari za wagonjwa, na Houda alikuwa ameipa namba kumi na mbili, namba ya nyumbani kwao. Kudra akatabasamu. Mgeni akija hatafutiwi nyumba nyingine, anasogezewa mkeka. Akaipa kompyuta ya wauguzi namba kumi na mbili pia, moyo wake ukiwa mweupe kabisa.

Onyo la Kifaransa likatokea kwenye kona ya kioo. Alielewa neno moja tu, conflit, ugomvi. Akaogopa, akabonyeza, likaondoka.

Houda aliporudi na kuanza kuziita kompyuta moja moja, mambo yalikwenda mrama. Wagonjwa waliitika mara moja, kisha kimya. Akajaribu tena, wakaitika wauguzi. Akawasha na kuzima, akakagua avenue zote mbili, akamkagua mlinzi. Jasho lilimtoka.

Kudra alitoka uani, akamnong'oneza rafiki yake Prodige yaliyotokea.

"We nyamaza," Prodige alisema. "Atafikiri ni courant, umeme tu."

Ushauri ulikuwa mtamu. Kila usiku Mwanne alimkumbusha mwanawe kwamba wako kwa watu, wasivunje wala wasiharibu. Je, wakifukuzwa kwa ajili yake, watakwenda wapi? Shukrani ya punda mateke, watu wangesema. Kudra akaufunga mdomo wake na kurudi ndani.

Alimkuta Houda ameinama, viganja usoni.

"Labda mi siwezi tena iyi kazi," Houda alisema taratibu. "Nitamuambia Mama Scholastique atafute mutu mwingine."

Maneno hayo yalimchoma Kudra kuliko hofu yake yote. Huyu ndiye aliyewafungulia lango na milio ya risasi bado masikioni mwao.

"Apana, shangazi. Ni mi nimekosa." Kudra akaisogelea kompyuta. "Wauguzi niliwapa namba ya wagonjwa. Nilifikiri watakaa pamoja, kama siye."

Houda akacheka hadi machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

"Mutoto wangu, apa kwetu mutu anaita jina ku mulango, kila mutu anaitika lake. Ordinateur haiite jina, inaita namba. Namba moja ikiwa na watu wawili, wote wanaitika. Na mi sikukuambia, nami nimekosa. Kaa apa, uwape yao."

Kudra akawapa wauguzi namba kumi na tano. Wagonjwa wakaitika, wauguzi wakaitika, na ofisi ya avenue ya nane ikazuiwa njia panda kama ilivyopaswa.

Mama Scholastique alifika, akajaribu mwenyewe kila njia, akajaribu hata kuzifikia habari za wagonjwa kutoka kompyuta ya ofisi. Alipoona haiwezekani, alimshika Houda mkono.

"Njoo lundi, Jumatatu, uanze," alisema. "Merci sana, dada."

"Alhamdulillahi," akajibu Houda. "Umushukuru na huyu. Bila yeye ningekuambia nimeshindwa."

Mgeni alipoondoka, Mwanne alisimuliwa yote, akaanza kuomba radhi. Houda akamkatiza kwa upole, akamvuta Kudra karibu naye.

"Sikuwapokea sababu hamukosee. Niliwapokea sababu muko wangu," alisema. "Kudra, kushukuru si kunyamaza. Mutu mwenye anakushukuru kweli anakuambia kosa lake mapema, wakati bado linatengenezeka."

Kudra aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kumsaidia mama yake kuwasha jiko, na jioni ile familia zote tatu zilikula sahani moja.