Sahani ya Chiriku

Barnaba Silwimba alikutwa amelala kifudifudi ndani ya banda la chiriku wake, nyuma ya nyumba yake ya Mpemba, pembeni mwa mji wa Tunduma. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, baridi ya Julai ikiuma. Kisogo kilikuwa kimepondwa. Aliyesimama juu yake na nondo mkononi ni Dennis, mtoto wa marehemu mdogo wake.

Majirani walimpakia Barnaba kwenye pikapu kumkimbiza hospitali, ingawa kila mmoja aliona hakuna tena wa kukimbizwa. Kufikia saa tano, Inspekta Gwantwa alipofika, mtaa ulikuwa umeshamaliza kesi.

"Si huyu aliyemtolea mzee maneno Krismasi, sahani za pilau ziko mapajani?"

"Huyuhuyu. Machimbo ya Saza yamemharibu."

"Ni lile shamba la Iyula, dada. Shamba la marehemu baba yake."

Gwantwa aliwaacha waongee, maana watu wakishapata moto huwa wanasema na yale wasiyoulizwa. Akaingia bandani. Chiriku walikuwa wamejikunyata kwenye kijiti, manyoya wameyatimua, hakuna anayelia. Wawili walikuwa wamekufa sakafuni. Chini kabisa palikuwa na sinia pana, na juu ya sinia, kwenye kistuli, sahani moja ya bati iliyojaa mpaka ukingoni. Ukingo ulikuwa na tone la damu. Akaitia sahani kwenye mfuko wa vielelezo jinsi ilivyo, akaufunga, kisha akamwagiza Konstebo Samwel atafute chakula kingine cha wale ndege.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Abrahamu, mdogo wa mwisho wa Barnaba, mzee wa kanisa, nyumba yake ukuta kwa ukuta na ile ya marehemu.

"Mara ya mwisho kumwona kaka yako hai?"

"Leo, saa moja asubuhi. Nilichungulia ukutani nikamwamkia. Alikuwa anawamiminia ndege mbegu."

"Uliona?"

"Kwa macho haya. Aliijaza ile sahani mpaka juu. Si umeikuta imejaa, Afande? Baada ya hapo nikapanda gari la Msangano. Nimerudishwa na simu ya msiba."

"Dennis alikuja kufanya nini?"

"Hata mimi najiuliza. Mtoto hajaja tangu Krismasi, anakuja siku ya kuua."

Gwantwa alikubali. Sahani kweli ilikuwa imejaa. Mzee alikuwa hai saa moja, na saa nne Dennis ndiye aliyekuwa ndani. Mkuu wake alitaka kijana afikishwe mahakamani kesho yake kwa kosa la mauaji, na hakuna asiyejua mwisho wa kosa hilo ni kitanzi. Majibu ya daktari yalikuwa bado.

Mahabusu, Dennis hakulia. Alikuwa anajitazama viganja.

"Nondo uliishikia nini?"

"Ilikuwa imemlalia shingoni, Afande. Niliona inamuumiza. Sijui nilikuwa nawaza nini."

"Ulijileta mwenyewe tu?"

"Baba mdogo alinipigia simu Ijumaa. Alisema baba mkubwa ananikabidhi shamba la baba, nifike Jumatatu saa nne, nisichelewe."

"Baba mdogo yupi?"

"Ninaye mmoja tu. Abrahamu."

Gwantwa aliliandika jina hilo. Kisha akauliza tangu Ijumaa hiyo alikuwa wapi. Saza, shimoni, na wenzake. Samwel alipiga simu huko. Watu wanne, kila mmoja kwa wakati wake, walisema Dennis aliondoka kwa gari la alfajiri ya Jumatatu.

Jioni akaja Fortunata, mke wa Barnaba, ametokea Iyula alikokwenda tangu Jumamosi kuchuma kahawa. Alikaa kwenye benchi la kituo bila kuvua koti.

"Ndege wangapi wamekufa?" aliuliza.

"Wawili. Lakini chakula walikuwa nacho, mama. Sahani ilikuwa imejaa pomoni."

"Pomoni?" Fortunata alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mume wangu hajajaza sahani tangu anunue hao ndege. Wakijaziwa wanachakura, wanamwaga. Alikuwa anaweka nusu asubuhi. Mchana anapuliza, anaokota zilizodondoka kwenye sinia, ndiyo anaongeza. Mimi nilikuwa namcheka, sahani anaipuliza kama uji wa moto."

"Anapuliza nini?"

"Makapi. Chiriku anamenya mbegu, ganda analitemea humohumo sahanini. Nusu sahani ya mbegu inageuka sahani nzima ya makapi. Usipopuliza..."

Gwantwa alikuwa ameshasimama, anaelekea chumba cha vielelezo.

Jumanne, saa tano, uani kwa marehemu turubai lilikuwa limejaa. Abrahamu alikuwa mbele, anapanga kaburi lichimbwe wapi. Gwantwa aliingia na ule mfuko.

"Mzee, warudie hawa yale ya jana. Kaka yako ulimwona anafanya nini?"

"Anajaza sahani hiyo. Saa moja asubuhi. Nitaapa popote."

Gwantwa alimpa Fortunata sahani. "Mama, ifanye kama alivyokuwa anafanya yeye."

Fortunata alipuliza. Makapi yakaruka, yakawatua waombolezaji mabegani. Akapuliza tena. Bati likabaki jeupe, halina hata punje.

"Hii niliifunga Jumatatu saa tano," Gwantwa alisema. "Ndege wale hawamalizi sahani iliyojaa kwa asubuhi moja. Haya ni makapi ya Jumapili, ambayo Barnaba hakuwahi kuyapuliza mchana. Hukumwona mtu Jumatatu, mzee. Uliiona sahani tu, ukadhani imejaa. Hata mimi nilidhani."

Tukuswiga, jirani wa mbele, alishika mdomo. "Jumapili... Si nilikuona unatokea mlango wa nyuma, tumetoka tu ibadani? Nikakuuliza mzee hajambo. Ukaniambia amepumzika."

Watu waliokaa karibu na Abrahamu walianza kusogeza viti.

"Shemeji," Fortunata alisema taratibu. "Kwa nini?"

Abrahamu alitazama sahani, siyo yeye. "Shamba lile nimelilima tangu baba yake Dennis afe. Kahawa ile nimeipanda mimi. Nilikwenda kumbembeleza. Amechutama pale, ananionyesha makapi. Nasema shamba, anasema makapi, wala sikumsikiliza. Mtu anayeokota punje moja sakafuni, Fortunata, shamba zima analitoa hivihivi."

"Na Dennis ulimwita Ijumaa," Gwantwa alisema. "Kabla hujaenda kubembeleza."

Abrahamu alinyoosha mikono. Samwel alimfunga pingu.

Dennis alirudishwa alasiri. Alipita katikati ya turubai, na wale waliomhukumu jana waliinamia vikombe vyao vya chai. Alimkuta mama yake mkubwa bandani, ameshika kopo la mbegu. Fortunata alimimina hadi sahani ikajaa, akaendelea, mbegu zikamwagika kwenye sinia, zikavuka sinia, zikatapakaa sakafuni pale palipokuwa pameoshwa. Chiriku wakashuka wote kwa pamoja.

"Mama mkubwa. Inatosha."

Hakuacha mpaka kopo likaisha. Ndipo Dennis akachutama, akaanza kuokota.