Fedha Iliyotolewa Shingoni

Asubuhi ile maabara ya chuo, hapa Garissa, ilinuka maziwa yaliyochacha, na hakuna mtu aliyeleta maziwa. Wendy, fundi wa mitambo aliyehamishiwa huku kutoka Machakos, akafungua madirisha yote. Joto likaingia, harufu isitoke.

Ilitoka kwenye mashine ya Daktari Abdinasir. Ndani yake kuna kibati cha dhahabu, na juu ya kibati sindano ya fedha yenye ncha ambayo hata unywele ni gogo mbele yake. Ukiimulika kwa leza, mwanga unaorudi unakuonyesha kemikali zinavyoshikana na kuachana juu ya dhahabu, kwa mstari kwenye skrini. Kibati kikiwa safi, mstari hulala. Siku hiyo kilikuwa safi, na mstari ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Daktari," Wendy alinong'ona, "hiki kitu kinapumua."

Akamwambia aache ujinga. Ujinga! Mjinga alikuwa nani? Sindano alizoagiza zilikwama bandarini, wafadhili wako njiani, basi bwana msomi akavizia mkewe akiwa bafuni, akakata fedha kwenye hirizi ya mwanawe Ilhan, kitoto ambacho hata kukaa hakijajua, akaziba pengo kwa kipande cha mkebe wa soda. Fedha hiyo ilivaliwa na kila mtoto wa ukoo wa mkewe tangu ukoo ukiishi Lafey, kule kaskazini. Akaichonga ikawa sindano, asimwambie mtu.

Adhuhuri mkewe, Sadiyo, akaingia mbio na mtoto mikononi, na mama yake mzazi, Bishara, nyuma yake. Ilhan alikuwa analia, mdomo wazi, machozi yanamwagika, shingo imekaza, wala sauti haitoki, kwa sababu sauti yake, kilio kile kile ambacho Sadiyo angekitambua hata sokoni, ilikuwa inatoka ndani ya mashine, ikipanda na kushuka pamoja na mstari.

Sadiyo akageuza hirizi, akaona mkebe, akamtazama mumewe. Hakupaza sauti. "Umemvua mwanangu ukavisha chuma chako," alisema.

"Irudishe sasa hivi," Bishara akasema. "Ulichofungulia mlango kinamnywa mtoto."

Baba mwenye utu angeruka. Yeye alikuwa anatazama mstari, mstari ambao hajauona kwenye kitabu chochote, huku midomo ya mwanawe ikigeuka rangi ya majivu.

"Kipimo kimoja tu," akasema.

Kimoja tu, laana gani hii! Wendy ndiye aliyemsukuma kando akachomoa sindano, ncha yake imeshalika. Bishara akaifunga kwenye hirizi shingoni mwa mtoto, akasoma Ayatul Kursi, akasoma tena, mpaka Ilhan akapasua kilio cha kuziba masikio. Harufu ikakatika. Sadiyo naye akalia.

Abdinasir akafungua mdomo kumwomba mkewe radhi. Midomo ikacheza, koo likacheza, kitu hakikutoka. Akajishika shingo. Sadiyo alimwona vizuri sana, akamfunika mtoto kwa garbasaar yake, mtandio wa mabegani, akaondoka na mama yake.

Wendy akachomoa waya wa umeme ukutani. Skrini ikazimika. Ndani ya mashine sauti ya Abdinasir ikasema, taratibu, "Kipimo kimoja tu."