Wimbo wa Kwanza wa Mama Pasi

Jioni ile Mama Pasi alifunga kazi mapema. Alitundika shati la mwisho, akachomoa waya wa pasi ukutani, akanawa mikono mara mbili, kisha akachukua karatasi aliyokuwa ameificha chini ya kopo la wanga tangu asubuhi. Wenzake wa pale kwa dobi wakamwona.

"Leo ndiyo leo," mmoja akasema. "Ukishakuwa maarufu, usimsahau aliyekukunjia mashuka."

"Nitakusahau wewe wa kwanza."

Wakacheka. Yeye alikuwa tayari mlangoni. Mwaka mzima alikuwa akienda kwa Mwalimu wa muziki kila Jumatano, yeye mwanamke wa miaka arobaini na sita anayejifunza do-re-mi kama mtoto wa chekechea. Wiki tatu nyuma, akiwa ananyoosha kola, wimbo ulimjia. Haukuja kwa kuokoteza okoteza. Uliingia kama mtu anayeingia nyumba anayoijua. Mistari mitatu mizima. Wa nne ukagoma. Aliuandika hivyo hivyo, pungufu, maana Mwalimu alishasema: lete kazi hata kama ni nusu, mradi ni yako.

Giza lilikuwa linaanza kuingia alipobisha hodi. Alifunguliwa na dada mkubwa wa Mwalimu, bibi mwembamba aliyeishi naye nyumba ile tangu wote wawili walipobaki wapweke.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini hicho?"

"Wimbo. Nimeutunga mwenyewe. Wa kwanza."

Uso wa bibi ukabadilika. Kidogo tu.

"Pita," alisema.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kinanda chake cha zamani, kile cha kukanyaga. Hakikuwa na umeme. Kilikula upepo wa miguu ya mpigaji. Ukiacha kukanyaga zile pedali mbili za chini, nacho kinanyamaza. Aliipokea karatasi, akavaa miwani.

"Usitetemeke, mama. Sijawahi kumla mwanafunzi."

Akaanza kukanyaga.

Mstari wa kwanza aliupiga akitabasamu.

Wa pili, tabasamu likaganda.

Wa tatu hakuumaliza.

Mama Pasi akasikia harufu. Harufu kavu ya chaki, kama ubao umefutwa sasa hivi. Na chumba kile hakikuwa na ubao.

"Umeutoa wapi?" Sauti ya Mwalimu ilikuwa imeshuka, karibu na mnong'ono.

"Ni wangu."

"Nakuuliza kwa wema. Nani alikuimbia?"

"Hakuna mtu. Ulinijia kazini." Wiki tatu alikuwa amebeba kitu kile kama mjamzito. "Kama ni mbaya, Mwalimu, niambie tu ni mbaya."

"Usilitamke neno hilo." Akageuka kutazama nyuma yake. "Si humu ndani."

Alinyanyuka, akafungua kabati, akatoa karatasi mbili zilizokwisha kuwa na rangi ya chai. Akaziweka kando ya ile mpya. Mwandiko ulikuwa tofauti. Lakini Mama Pasi sasa alijua kusoma noti, na alichokisoma kilimsimamisha nywele. Wimbo ule ule. Mistari mitatu. Kisha patupu.

"Huyu alikuwa fundi saa," Mwalimu alisema. "Miaka kumi na moja sasa. Na huyu mkunga, miaka minne. Hawakujuana. Kila mmoja aliapa ni wimbo wake wa kwanza."

"Ukawaambia nini?"

"Kwamba wameiba." Alivua miwani. "Fundi saa, wiki haikuisha, masikio yote mawili yakafa. Mkunga aliamka asubuhi hana sauti. Mpaka leo anaongea kwa mikono."

Mama Pasi alijikuta amejishika shingo.

"Wimbo ni wa nani?"

Bibi ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni.

"Mwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Basi akasimulia, macho chini. Zamani, akiwa kijana mwenye ulimi mkali, alifundisha darasa la muziki. Alikuwamo binti mmoja mwenye maneno mengi, akambandika jina la Chiriku. Siku moja binti alileta wimbo aliotunga, wa kwanza maishani mwake. Mwalimu aliupiga mbele ya wote. Alipofika mstari wa tatu akasimama, akasema: huu si wimbo, huu ni mlango uliokosa mafuta. Darasa likaangua kicheko. Chiriku naye alicheka pamoja nao. Akachukua karatasi yake, akaenda zake.

"Hakurudi. Mwezi haukuisha, tukamzika. Wapo waliosema homa. Wapo waliosema amerogwa. Mimi nilishika hilo la kurogwa. Nilishika kwa mikono miwili. Maana kama ni uchawi, basi si mdomo wangu."

Nje kulikuwa kumeshakuwa giza. Harufu ya chaki ilizidi. Ilikuwa inaingia kooni sasa, inawasha.

"Na wimbo wenyewe," Mama Pasi aliuliza polepole, "ulikuwa mbaya?"

Miaka thelathini hakuna aliyekuwa amemuuliza Mwalimu hivyo.

"Ulikuwa mzuri," alisema hatimaye. "Kwa umri wake, mimi nisingeweza hata nusu yake. Na nililijua hilo nikiwa nimesimama pale mbele."

"Basi usiniambie mimi."

Alielewa. Aligeukia kinanda, akaweka mikono magotini kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Chiriku," alisema, sauti ikipasuka. "Mstari wa kwanza uache ulivyo. Wa pili una haraka, upe pumzi. Wa tatu usiuguse. Umefanya vizuri, mwanangu. Umefanya vizuri sana."

Miguu ya Mwalimu ilikuwa sakafuni, kando.

Pedali ya kushoto ikashuka.

Kisha ya kulia.

Kinanda kikavuta pumzi, pumzi ndefu, na mstari wa nne ukaanza. Ulipigwa kwa woga, noti moja moja. Katikati ukakosea. Ukarudi nyuma, ukarekebisha, ukaendelea hadi mwisho, kama anavyofanya mwanafunzi anayejua anasikilizwa. Harufu ya chaki ikakatika. Mwalimu alikuwa analia bila sauti.

Mama Pasi alifika kwake salama. Asubuhi aliimba akioga, makusudi, kuipima sauti yake. Ilikuwepo. Masikio yalikuwa yanasikia. Kitu kimoja tu hakukipata: ule wimbo. Hata noti moja. Alijiambia ni heri, lakini siku zile alipiga pasi kama mtu aliyekimbiwa na mpangaji asiyeaga.

Jumatano alirudi darasani. Bibi alimfungulia, macho mekundu.

"Kaa kwanza. Ana mwanafunzi ndani."

Alikaa. Kupitia mlango uliofungwa alisikia Mwalimu akisema, "Rudia. Taratibu." Kinanda kikajibu. "Vizuri. Tena." Kikajibu tena.

"Mwanafunzi gani, bibi?"

Bibi alitazama mikono yake. "Tangu ile Jumatano. Hali, halali. Nikimwambia apumzike, ananiambia mtoto ana mengi, amenyimwa miaka mingi." Akaongeza kwa sauti ndogo: "Ulifanya jambo jema, mwanangu. Sikulaumu. Lakini aliyekaa na njaa muda wote huo, ukimwonjesha..."

Mlango ukafunguka.

Mwalimu alikuwa amekonda kwa wiki moja kama aliyeugua mwaka. Suruali ilimpwaya. Ila uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha, na nyuma yake, katika chumba kisicho na mtu, pedali zilikuwa bado zinapanda na kushuka.

"Mama Pasi, karibu. Tulikuwa tunakungoja wewe. Ameleta wimbo wa pili." Akasogea kando ampishe. "Anasema hana mkono wa kuandikia. Wako ameupenda."

Mama Pasi alifungua mdomo akatae. Alitaka kusema ana kazi, ana wageni, ana chochote. Lakini bibi alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, naye akautazama.

Vidole vitatu vilikuwa vimekutana, kama vimeshika penseli.

Na vilikuwa vinatembea.