Kisima Namba 31

Rosanne Pelletier alikuwa mtu wa kuchemsha. Kila asubuhi alikinga maji ya kisima bombani, akayachemsha robo saa nzima. "Yakitokota hivi, hakuna mdudu anayebaki," alipenda kusema. Binti yake Noela alikuwa na mimba ya miezi sita, na Rosanne hakutaka mchezo na mimba hiyo.

Mume wa Rosanne, Armand, alikuwa dereva wa lori. Alibeba maganda ya kambakoche kutoka kiwanda cha samaki, akayamwaga jalalani. Pale kwao Maine, Marekani, maganda hayo hayana mwenyewe. Yananuka, basi.

Jumamosi moja Noela alikuwa mezani anasoma simu yake.

"Baba, umesikia? Chuo kikuu wametengeneza chujio kwa maganda yenu. Linatoa aseniki kwenye maji ya visima."

"Aseniki ndiyo nini?" Armand aliuliza.

"Sumu. Inatoka kwenye miamba chini ya ardhi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha." Noela akasoma zaidi, sauti ikapungua. "Walipima visima vya huku kwetu. Chenye sumu kuliko vyote ni kisima namba 31."

Rosanne akageuka kutazama bomba lake. Kibandiko kilikuwa bado pale. Miaka miwili nyuma wanafunzi wa chuo walikuja na chupa, wakachukua maji, wakala keki yake, wakabandika kibandiko, wakaenda zao. Hawakurudi. Kibandiko kiliandikwa 31.

"Mungu wangu! Namnywesha mwanangu sumu!"

Alitoka mbio, aproni kiunoni, hadi kwa jirani yake, Constance Sewall. Constance alifanya kazi hukohuko chuoni.

"Nimeyachemsha, Constance! Kila siku nimeyachemsha!"

"Kaa kwanza, shoga. Kuchemsha kunaua vijidudu. Aseniki si mdudu. Maji yanapungua, sumu inabaki. Ndiyo kwanza unaikoleza."

Rosanne alishika mdomo.

"Kuanzia leo nunueni maji ya chupa ya kunywa na ya kupikia," Constance aliendelea. "Noela amwambie daktari wake. Kuoga na kufua hakuna neno."

"Na hilo chujio linauzwa wapi?"

Constance akakunja uso. "Haliuzwi. Ofisi yetu kazi yake ni kuutoa uvumbuzi maabarani na kuufikisha kwa watu. Chujio hilo halijafika mezani kwetu."

"Basi Jumatatu tunakwenda wote."

Jumatatu Rosanne aliingia ofisini kwa Profesa Whitcomb, mvumbuzi wa chujio, na jagi la maji mkononi. Constance alikuwa nyuma yake. Rosanne hakungoja kukaribishwa. Alijaza glasi, akaiweka juu ya makaratasi ya profesa.

"Kunywa."

"Samahani, mama, wewe ni nani?"

"Mimi ni namba 31. Kunywa!"

Profesa alitazama glasi. Hakuigusa.

"Aha! Wewe hunywi. Mwanangu mjamzito amekunywa. Ulijua, ukanyamaza!"

"Sikunyamaza," profesa alisema, uso umemwiva. "Nilichapisha makala. Yeyote anaweza kuisoma."

"Makala inanywewa? Mlikuja kwangu mkaijua njia. Kurudi ndiyo mkapotea?"

Hapo Constance akaingilia. "Profesa, ulijaza fomu yetu ya uvumbuzi?"

"Fomu gani? Kazi yangu ni utafiti. Nikishachapisha, nimemaliza."

"Ebo! Makala ilitoka lini?"

"Miezi kumi na moja iliyopita."

"Basi umebakiwa na mwezi mmoja," Constance alisema. "Sheria ya hapa Marekani inakupa mwaka tangu utangaze uvumbuzi wako. Ukipita hujaomba hataza, haki hiyo imekwenda."

"Hataza ndiyo mdudu gani tena?" Rosanne alifoka.

"Ni hati ya serikali, shoga. Inazuia watu kuiga uvumbuzi bila ruhusa. Kiwanda kitanunuaje mashine mpya kutengeneza kitu ambacho kesho kila mtu atakiiga? Tukiwa na hati, tunakipa kiwanda kibali."

"Kikikalia kibali je, kama huyu alivyokalia majibu yangu?"

"Tunaandika masharti. Wasipotengeneza kwa muda tuliopatana, tunawanyang'anya."

"Andika na jingine. Wenye visima wauziwe kwa bei wanayoiweza. Na kila nyumba yenye kibandiko ipewe majibu yake kwa jina la mtu. Sisi si namba!"

Constance aliandika. Profesa alijaza fomu palepale. Rosanne alimsimamia mpaka sahihi. Maombi ya hataza yakapelekwa siku tisa kabla ya mwaka kutimia.

Haikuwa kazi ya siku moja. Wamiliki wa viwanda viwili walikataa. Wa tatu, mtengeneza pampu wa mji jirani, akakubali pamoja na masharti yote. Noela alijifungua mtoto wa kike, mzima. Familia iliendelea kubeba maji ya chupa. Armand aliacha kwenda jalalani. Sasa maganda aliyapeleka kwa huyo mtengeneza pampu, na kila jioni aliwaambia watu kwamba yeye ni mwanasayansi.

Mtoto alikuwa ameanza kusimama dede siku profesa alipokuja mwenyewe na chujio. Alilifunga chini ya sinki. Maji yakapimwa maabara nyingine, si yake, maana Rosanne alishikilia hivyo. Majibu yakaja na jina lake juu: maji ni salama.

Rosanne alijaza glasi, akampa profesa.

"Kunywa."

Profesa akanywa yote. Rosanne akanywa yake. Kisha akambandua mtoto kwenye kiti alichoshikilia, akampakata, akamnywesha taratibu kwa kikombe chake kidogo.

Profesa alitabasamu, akavuta kiti akae.

"Nani amekwambia ukae?" Rosanne alimuuliza. Alikuwa amekwisha kung'oa kibandiko, anakikunjakunja vidoleni. "Namba 32 ni nyumba ile pale. Naye ana watoto. Beba vifaa vyako twende ukamfungie na yeye."