Giza la Mwisho wa Kanda

Kila asubuhi Ralitsa alipasha moto kipande cha banitsa, mkate wa jibini uliobaki jana yake, akasogeza karatasi za mama yake pembeni, akala haraka na kwenda shule. Mezani hapakuwa na nafasi. Mama yake, Nevena, alikuwa akiandika tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Veliko Tarnovo, kuhusu tamthilia ya zamani ya televisheni. Tamthilia hiyo ilihusu wafanyakazi wa kiwanda kwenye sayari ya mbali, waliounda maisha yao yote vipande vya mashine wasiyowahi kuiona. Majirani walimcheka. Mume yuko Ugiriki anachuma zabibu, walisema, na mke anatazama televisheni na kuiita kazi.

Sehemu ya mwisho Nevena hakuwahi kuimaliza. Ilipoonyeshwa alikuwa binti, miaka ile ya mgao wa umeme, na mtaa wao ukakatiwa umeme katikati ya kipindi. Sasa Profesa Zahariev, msimamizi wake, alikuwa amemwazima kanda za video alizorekodi mwenyewe. Ile ya mwisho Nevena aliiweka akiba mpaka amalize sura nyingine zote.

Siku moja Ralitsa alikuja nyumbani na rafiki yake Desi. Walitaka kutazama katuni. Ralitsa alitia kwenye deki kanda aliyoikuta mezani, akaipeleka mbele kutafuta katuni, akabonyeza kitufe cha kurekodi bila kujua, wakakaa wakibishana kwa nini picha haiji. Walipogundua, mwisho wa kanda ya akiba ulikuwa umefutika, umebaki weusi mtupu.

"Nyamaza tu," Desi alimwambia. "We unajifanya mtakatifu leo? Atadhani kanda imezeeka."

Ralitsa akanyamaza.

Wiki iliyofuata mama aliitazama. Mfanyakazi mzee alifika kwenye mlango wa ukumbi wa mashine, akanyoosha mkono, na giza likaingia. Nevena alilitazama giza lile mpaka kanda ikaisha. Machozi yalimtoka.

"Umeona, mwanangu? Mtu amechoka maisha yake yote, na hawamwonyeshi alichokifanyia kazi."

Akaandika sura nzima juu ya giza lile, na Ralitsa akawa hali wala halali vizuri. Profesa alikuwa amelazwa hospitalini kwa miezi, kwa hiyo hakuisoma. Angeisikia mbele ya jopo, siku ya kutetea tasnifu.

Siku moja kabla, Nevena alipiga pasi blauzi yake huku akiisoma sura ile kwa sauti. Alipofika pale aliposema giza hilo lilikusudiwa, Ralitsa alishindwa kuvumilia.

"Mama, halikukusudiwa. Ni mimi. Nilifuta."

Nevena aliizima pasi. Alivaa koti, akamshika Ralitsa mkono, wakaenda kwa profesa, ambaye sasa alikuwa amerudi nyumbani, amekonda, amejifunika blanketi. Ralitsa akalazimika kurudia yote mbele yake.

Mzee akaeleza mwisho wenyewe. Mlango unafunguka, na nyuma yake hakuna mashine. Kuna ukumbi mwingine, na wafanyakazi wengine, ambao siku zote walidhani mashine iko upande ule wa kwanza.

"Ungesoma sura hiyo kesho," alimwambia Nevena, "ningelazimika kukuuliza unazungumzia nini. Wangekuangusha, binti yangu, na mimi ningepiga kura pamoja nao."

Akapiga simu chuoni kuomba utetezi uahirishwe hadi vuli. Walikubali. Sura ya mwisho ilikuwa imekufa.

Walirudi wakipanda kilima. Nevena alionekana mzee. Mbele ya duka la mikate alisimama, akashika ukuta.

"Nimechoka, Ralitsa. Sijui kama nina nguvu ya kuanza upya."

"Nisamehe, mama."

"Kufuta ile kanda ilikuwa bahati mbaya. Ungeniambia siku ile ile, ningekasirika jioni moja, tungemuuliza profesa, basi. Lakini ulinyamaza, nami nikalifanyia kazi kosa lako miezi yote hii bila kujua. Kosa ukilificha halitoweki. Unampa mtu mwingine alibebe, na mara nyingi ni yule anayekuamini."

Ralitsa alilia. Mama hakumwambia anyamaze. Baada ya muda alimpa leso, wakaendelea kupanda.